Kila Mtu Anunue Chake

Saluni ya Henriette,
Albert Park,
Durban, Afrika Kusini.
Jumapili, tarehe 24 Novemba 2013.

Mpendwa Yaya Gloriose,

Nakusalimu, dada yangu, wewe na wote wa nyumba yako hapo Uvira. Nina habari inayonichoma ulimi, lakini mama alitulea vizuri, na mtu aliyelelewa haingii kwa watu akaanza na yake. Kwa hiyo nauliza kwanza. Mguu wako unaendeleaje? Ile dawa niliyotuma ilifika, au aliyeibeba ndiye aliyepona? Binti yako Grâce anasoma vizuri? Na mto umetulia, au bado kila mvua ikinyesha mnahamisha magodoro?

Sisi huku tuko wazima, Mungu ni mwema. Joto la Durban limeanza, lile la kukubandika nguo mgongoni tangu asubuhi. Kiuno kinalalamika kwa kusimama siku nzima nikisuka, lakini vichwa vya watu haviachi kuota nywele, kwa hiyo tunakula. Shemeji yako Blaise anakusalimu. Amenenepa, usimwambie nimesema.

Sasa kaa. Kama umesimama na barua hii mkononi, Yaya, kaa chini kabisa na uvae miwani.

Ndani ya bahasha iko ukurasa wa gazeti la hapa, la leo hii. Apollinaire anayekuletea nimemwonya asiukunje mara ya pili. Upande wa kulia, chini, iko orodha ya vitabu kumi vilivyouzwa zaidi Durban. Namba sita nimeizungushia kalamu ya nyusi, maana ndiyo iliyokuwa karibu. Soma jina lililoandikwa pale. Soma tena. Ndiyo, ni yeye. Athanase Kashindi, kitinda mimba wetu, yule uliyemsomesha kwa beseni la visamaki vya ndagala pale sokoni. Usiite majirani kwanza. Soma barua mpaka mwisho, ndipo uite hata mtaa mzima.

Najua utasema mbona hakukuambia. Athanase unamjua, hata akiumwa jino anaficha. Alikuambia kwenye simu kwamba jioni anaandika-andika, na wewe ukadhani ni barua za kuomba kazi. Kumbe ni kitabu. Mwezi wa saba mchapishaji mmoja mdogo wa hapa akakitoa. Kimeandikwa Kiingereza, lakini jina lake amekataa libadilishwe: *Njoo, Njoo, Basi*. Ndiyo maneno anayosema mchana kutwa akiwaongoza watu warudishe magari nyuma. Unakumbuka nilikuambia kazi yake, kulinda magari ya watu kwenye maegesho huko Umbilo, amevaa jile, ile fulana ya kung'aa, mwalimu mzima wa sekondari, sasa ni miaka minane. Madereva hawaelewi hata neno moja, wanafuata mikono yake tu.

Na sikiliza hii. Kwenye maegesho hayohayo iko duka la vitabu. Kwa hiyo tangu mwezi wa saba watu walikuwa wanampa Athanase magari yao alinde, wanaingia ndani kununua vitabu, na kitabu chake kiko humo ndani, na hakuna aliyejua kwamba aliyekiandika ndiye huyo nje anayeungua jua. Mimi ningebandika picha yangu kwenye kila kioo cha gari. Yeye hapana. Anasema kitabu kijitembeze chenyewe.

Kilijitembeza, Yaya? Hakikutembea hata hatua.

Katikati ya Oktoba alikuja saluni Saarah. Huyu ni msichana anayekaa kwenye mashine ya kulipia katika duka lile. Ni Mwislamu, kwa hiyo namfungia pazia nikimsuka. Amezaliwa hapahapa Durban, na bibi yake, na bibi wa bibi yake, lakini watu wao zamani waliletwa kutoka pwani ya juu huko, na mpaka leo wanaitwa Wazanzibari. Kiswahili chake ni cha bibi yake Kulthumu, cha vipande vipande, kinakatika katikati halafu kinaendelea kwa Kiingereza. Nampenda sana. Siku hiyo alikuwa hacheki. Aliniambia duka liliweka nakala arobaini za Athanase, na zimeuzwa tatu. Moja alininunulia Blaise. Kitabu kisipotoka kinapewa miezi michache tu, halafu kinafungwa kwenye sanduku na kurudishwa kwa mchapishaji, kama nyanya zilizolala. Siku ya kurudisha iliandikwa tayari: thelathini Novemba.

Nikamwuliza Athanase. Kwanza akazungusha maneno, halafu akasema ukweli. Mchapishaji alishamwambia kwamba vikirudi, basi, hakuna kuchapa tena, na ile ya Kiswahili aisahau.

Ile ya Kiswahili, Yaya, ni ya nani? Ni yako. Ukifungua ukurasa wa kwanza wa kitabu, utakuta mstari mmoja peke yake katikati ya karatasi: *Kwa Gloriose, aliyeuza ndagala nikasoma.* Amekuandikia kitabu kizima kwa lugha usiyoijua, kwa sababu ndiyo lugha waliyokubali kuchapa, na tangu mwanzo shabaha yake ilikuwa kifike kwako kwa lugha yako. Aliponiambia hivyo niligeukia ukutani nikajifanya natafuta kitana.

Nikaenda dukani kuona kwa macho. Nimepita mbele ya mlango ule miaka, sijawahi kuingia. Mlinzi wa mlangoni akanifuata nyuma kama nina kuku kwapani. Pale mbele iko meza kubwa yenye vitabu vimepangwa kama matofali, na ukutani rafu yenye namba moja mpaka kumi. Watu wa ng'ambo, wapishi wanaocheka, na mwanamke mmoja anayekufundisha kupunguza tumbo. Cha Athanase kilikuwa wapi? Nyuma kabisa, ukipita kalenda, kwenye rafu ya chini iliyoandikwa *Afrika*. Ilibidi nichuchumae. Nikamwuliza Saarah, hii rafu moja ndiyo Afrika, sasa duka lililobaki liko bara gani? Akaniomba nipunguze sauti.

Akanieleza mambo yanavyokwenda. Kila kitabu mgongoni kina mistari myeusi. Mashine ya kulipia ikiisoma ile mistari inasema ti, na ile ti inahesabiwa. Maduka mengi ya mji yanapeleka ti zao za wiki mahali pamoja, gazeti linapata hesabu, linapanga vitabu kumi vya juu. Wiki, Yaya, elewa hapo. Orodha haiulizi kitabu kimeuzwa nakala ngapi tangu kizaliwe. Kinaweza kuuzwa kidogo kidogo miaka kumi, kikapita wengine wote, na kisionekane hapo hata siku moja. Ni kama wewe sokoni: anayemaliza beseni asubuhi moja ndiye watu wanamwona, anayeuza vikombe viwili kila siku mpaka anazeeka hakuna anayemsifu.

Na kilicho kwenye orodha kinawekwa kwenye ile meza ya mbele, na kilicho kwenye meza ndicho watu wanachonunua, na kikinunuliwa kinabaki kwenye orodha. Mwenye nacho ataongezewa, imeandikwa. Cha mtu wetu kinaanzia chini, kwa hiyo hakionekani, kwa hiyo hakinunuliwi, kwa hiyo meneja anasema watu weusi hawanunui vitabu vya watu weusi. Saarah amemsikia akisema hivyo miaka minne. Aliniambia huyu mtu hasikii hoja, anasikia ile ti peke yake.

Nikamwambia, ni hilo tu? Leta.

Sasa hapa, dada yangu, naungama. Mdogo wako alifanya ujinga, na aliufanya kwa mbwembwe.

Unajua sisi tunavyofanya jambo. Mtu akioa, akifiwa, akizaa, hatuendi mmoja mmoja kama wezi. Tunakaa, tunachanga, tunamteua mmoja, anapeleka kwa niaba ya wote. Nikamwendea Maman Epiphanie, kiongozi wa korali yetu. Mama huyu akisema simama, hata taksi inasimama. Jumapili ile baada ya ibada kapu likapita, na watu tisini wakatoa bei ya kitabu, randi mia na sitini, one-sixty kama tunavyosema huku, hata wale wanaolalamika kila siku. Nikateuliwa mimi. Nikavaa kitenge changu cha Pasaka, nikaingia dukani na mkoba, nikamwambia meneja nataka tisini kwa mpigo. Yule mlinzi akanisogezea kiti!

Meneja alifurahi, akampigia simu mchapishaji, akanikatia ankara kwenye karatasi ndefu, na baada ya siku mbili masanduku matatu yakaja moja kwa moja mpaka mlangoni pa kanisa. Nilitembea Albert Park nzima nimevimba kama andazi. Hatukuyafungua, maana pasta alikuwa Johannesburg, na kitu kilichochangwa kanisani hakigawiwi kabla ya kuombewa. Tukasema tungoje arudi.

Jumapili ya kutokea ile wiki kwenye gazeti, nikanunua gazeti mapema. Namba moja, hapana. Mbili, hapana. Nikashuka mpaka kumi. Nikageuza ukurasa, labda iko orodha nyingine. Mapishi, tumbo, ng'ambo, tumbo. Athanase hayupo.

Kesho yake Saarah alifika saluni hata kabla sijafagia. Masikini, siku niliyonunua hakuwa kazini. Kumbe ankara haipiti kwenye ile mashine. Na hata ingepita, watu wa orodha wakiona tisini zimenunuliwa na mkono mmoja wanazitoa, maana wapo matajiri wanaojinunulia vitabu vyao wenyewe kwa maboksi ili waonekane. Kwa hiyo tisini zangu zilikuwa si kitu. Mbaya zaidi, zilitoka ghala la mchapishaji, na zile thelathini na saba za rafuni ziko palepale chini, zinasubiri kurudishwa. Sisi tunasema kidole kimoja hakivunji chawa. Kumbe mashine ile inahesabu kidole kimoja kimoja, Yaya. Eish, niliketi kwenye kiti cha wateja, ufagio mkononi.

Halafu Athanase akasikia. Alikuja na jile lake mwilini, kazi ameiacha. Nilidhani atanifokea. Angenifokea ningejibu, unanijua. Alisimama mlangoni akasema polepole:

"Henriette, mmechanga kama kwenye matanga. Mimi sijafa."

Nikamwambia watu wamefanya kwa upendo. Akasema anajua. Akasema kwenye maegesho kila siku watu wanampa sarafu bila kumtazama usoni, kwa huruma, na wakati anaandika aliwaza mahali pamoja tu ambapo mtu atampa pesa yake kwa sababu anataka alicho nacho. Halafu akaniuliza, katika hao tisini, ni wangapi walisema wanataka kukisoma? Mimi mwenyewe nilikuwa nimefika ukurasa wa kumi na mbili tangu mwezi wa saba. Hiyo iliniuma kuliko yote, na bado inaniuma nikiandika.

Akarudi kazini. Mimi nikalia kidogo, nikanawa uso, nikatoa kile kitabu kwenye droo ya rasta. Siku ile sikufungua redio.

Yaya, sikujua. Wallahi kama Saarah anavyosema, sikujua kama mdogo wetu anaweza hivi. Nilikaa nikasoma mpaka mteja akagonga. Ameandika maegesho yote, ameandika foleni zetu za karatasi za ukimbizi, ameandika sufuria ambayo Maman Epiphanie alikimbia nayo kichwani, ameandika vile mjomba alivyorudi mpakani kuchukua redio yake. Ameandika na mimi humo, amenifanya mwongo kidogo lakini mwenye mikono mizuri. Nikacheka peke yangu mpaka yule mteja akauliza kuna nini. Nikamsomea. Nikamtafsiria palepale, Kiingereza kwa macho, Kiswahili kwa mdomo, mikono kichwani mwake. Wa pili akaja akasema, anza mwanzo.

Nikapata akili. Kesho yake asubuhi mimi na Maman Epiphanie tulibeba yale masanduku, gundi haijaguswa, tukayarudisha dukani. Kama pasta angewahi kurudi tungeshayafungua, na vitabu vilivyofunguliwa hawapokei, kwa hiyo nimemsamehe safari zake zote. Meneja alikunja uso lakini akarudisha pesa. Jioni nikampa kila mtu yake, na nikasimama mbele ya korali nikatangaza: asiyetaka kusoma abaki na pesa yake, hakuna dhambi. Anayetaka kujua kilichoandikwa, saluni iko wazi, nitasoma bure.

Wakaja! Mwanzoni walikuja wenye nywele, baadaye hata wenye vipara. Blaise akaleta benchi. Nilisoma siku nne, na siku ya tano, ukurasa wa sitini na moja, palepale ambapo mjomba amegeuka kufuata redio na kizuizi cha mpakani kinashushwa, nikafunga kitabu. Nikasema, mwisho wa cha bure. Wakaniita majina ambayo siwezi kukuandikia siku ya Jumapili. Mmoja akaomba nimwazime. Nikasema kitabu hiki kimechoka. Nikawaeleza neno kwa neno kama nilivyoelezwa: kila mtu aingie kwa mlango, achukue chake, apite kwenye mashine, ti. Na wakitaka kumsaidia zaidi, wote waende wiki moja, isipite Jumamosi tarehe kumi na sita, ili orodha itoke kabla ya siku ya kurudisha.

Kati ya wasikilizaji alikuwepo dada mmoja Mzulu, anaitwa Nontobeko, nesi, anakaa Westville na huwa anakuja kwangu kusuka. Yeye alikuwa anataka nisome Kiingereza chenyewe, wengine wangoje tafsiri. Jioni moja akasema miaka yote anampa sarafu mlinzi wa magari pale kwake, na hajawahi kumwuliza jina. Hakungoja Jumamosi. Alinunua chake Westville, kwenye duka la huko, akanipigia simu kwamba hakikuwepo rafuni, wamemwagizia, na manesi wenzake nao wameagiza. Hao hatukuwachangisha, Yaya. Hatuwajui hata sura.

Jumamosi ikafika, siku ambayo wengi waliichagua. Ulipaswa kuwepo. Taksi zilishusha watu pale kwenye robot, ndivyo wanavyoita taa za barabarani huku, na watu wakavuka kwa mafungu, wamevaa kama siku ya ubatizo. Athanase alikuwa kwenye maegesho na jile lake, anarudisha gari la mzee mmoja, njoo, njoo, na watu wetu wanapita pembeni yake bila kumwangalia, kwa sababu niliwakataza. Gari la mzee lilibaki limepinda, maana mikono ya mdogo wetu ilisimama hewani.

Ndani, Saarah alikuwa amefanya ujanja wake. Masanduku yangu matatu yaliporudi alimwambia meneja stoo imejaa, na kwa kuwa hapakuwa na mahali, akavipanga vile vitabu kwenye meza ya mbele, kwa muda tu. Ujinga wangu, Yaya, ukakaa kwenye meza ya mbele kabisa. Mungu ana mambo.

Foleni ikatoka mlangoni. Mlinzi hakujua amfuate nani. Meneja akaja na tabasamu la wasiwasi, akamwuliza Maman Epiphanie, aliyekuwa wa kwanza, kama ni kikundi, na nani amewatuma, kwamba anaweza kuwakatia ankara moja iwe rahisi. Maman Epiphanie alishika kitabu chake kwa mikono miwili kifuani. Akamjibu kwa Kiingereza chake, taratibu, duka zima linasikia:

"Hakuna aliyenituma. Humu wameandika sufuria yangu, na sijui iliishaje. Nataka kusoma."

Akaweka kitabu mbele ya Saarah. Ti. Nyuma yake mwingine. Ti. Nilisimama karibu na kalenda nikihesabu, na nikakosea hesabu mara tatu kwa sababu ya machozi. Wengine waliorudishiwa pesa hawakuja, na ni haki yao. Lakini wapo waliokuja ambao hawakuchanga hata senti ile mara ya kwanza, na mzee aliyepindisha gari, aliyeingia kuuliza foleni ni ya nini, naye akanunua. Wakati wa kutoka Saarah alimwambia, kwa Kiingereza, kwamba mwandishi ndiye yule aliyemwongoza kuegesha. Mzee akatoka na kitabu na kalamu. Yaya, Athanase alitia sahihi yake ya kwanza juu ya boneti ya gari.

Halafu tukangoja wiki nzima, maana gazeti linachelewa kwa wiki. Nilimkata mteja mmoja nywele fupi kuliko alivyotaka.

Leo asubuhi nilifika kwenye duka la magazeti kabla halijafunguliwa. Lilipofunguliwa nikanunua mawili, lako na letu, nikaanza kusoma palepale nje kutoka kumi kupanda juu, kwa woga. Kumi, tisa, nane, saba, tumbo. Sita. *Njoo, Njoo, Basi*, Athanase Kashindi. Tumemshinda mwanamke wa tumbo! Nilipiga kelele hata mwenye duka akatoka na fimbo. Nikakimbia mpaka gorofani kwa Athanase, gorofa tano kwa ngazi, lifti haifanyi kazi, na mguu mmoja hauna kiatu.

Alisoma akiwa amesimama. Akaomba mkasi. Akakata ile orodha peke yake, polepole, akaikunja na kuiweka kwenye mfuko wa jile lililotundikwa mlangoni. Kesho anarudi Umbilo kama kawaida, usidhani tumekuwa matajiri. Lakini meneja amemwambia Saarah vitabu havirudishwi, na ile rafu ya Afrika anafikiria kuisogeza mbele. Na mchapishaji amepiga simu leo, Jumapili! Wanachapa tena, na mwakani cha Kiswahili kinatoka. Athanase anaomba umwandikie jinsi mama alivyokuwa akiimba wakati wa kutwanga, kwa sababu hapo amesahau, na kwa Kiswahili hataki kukosea.

Baada ya hapo ndipo akasema jambo lililonifanya nikae kwenye ngazi. Alisema jina la baba, Kashindi, limeandikwa kwenye orodha nyingi. Ya kambi, ya mahindi, ya mablanketi, ya karatasi za ukimbizi ambazo kila miezi sita tunapanga foleni upya ili lisifutwe. Akasema kote huko waliliandika ili wajue tuko wangapi. Hii ni ya kwanza, akasema, ambayo watu walipanga foleni kwa sababu wanalitaka.

Nisalimie Grâce, mwambie mama yake mdogo hana shida na watoto wanaosoma chini ya meza. Nisalimie mama Machano wa jirani, na wote wa sokoni waliokuwa wanakununulia ndagala hata siku ambazo hawakuzihitaji. Waambie na wao wamo namba sita. Saarah na Maman Epiphanie wanakusalimu, ingawa hawajakuona. Mungu akuinulie mguu wako, alinde paa lako na mto, na akuweke mpaka tuonane tukiwa bado na meno ya kutafunia furaha.

Mimi mdogo wako nikupendaye kuliko ninavyoweza kuandika,

Henriette Kashindi

Nimesahau hili, na ni kubwa. Cha Kiswahili kikitoka nitakutumia kila kitu, sabuni, dawa, kitenge. Kitabu sitakutumia, na Athanase akikutumia ukikatae. Utavuka mpaka uende Bujumbura kwenye duka la vitabu, uingie kwa mlango wa mbele, ukichukue kwa mkono wako uliouza ndagala, na ukilipie. Nataka uisikie ile ti.